Naomba ushauri: mzee kagoma kuchukuliwa kinyama cha tezi dume

Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana miaka 67, usiku anaamka mara nne mara tano kukojoa na mkojo wenyewe unakatakatika. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imekuja 6.8, daktari kasema hiyo peke yake haitoshi kusema ni kansa maana hata tezi ikitanuka tu au ukiwa na maambukizi inapanda, anataka apige picha ya MRI kisha wachukue kinyama kwa sindano wakakipime. Mzee kagoma, sindano ya kupitia njia ya haja kubwa hataki hata kuisikia! Sasa kuna jamaa kamwambia watafiti wanachunguza mafuta ya kwenye damu kama alama ya hii kansa, ndo kang'ang'ania apime kolesteroli yaishe. Mi ninavyojua kile kipimo ni cha mambo ya moyo, kansa hakiioni. Mliopitia hili mlimshawishije mzee? Na MRI ikiwa safi, kinyama kinaweza kusubiri?