Kubadili gari ukiwa bado una mkopo: tupeane uzoefu, mwisho wa siku ilikugharimu shilingi ngapi?

Mzee wa Goba
Wakuu, salaam. Nina IST niliyochukua kwa mkopo wa benki: milioni 18, miaka minne, riba asilimia 17 inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Rejesho ni 519,000 na ushee kwa mwezi, nimeshalipa miezi 18. Wiki iliyopita nikapita yadi moja kutazama tu (tunajua "kutazama tu" huishia wapi), nikakutana na Harrier nyeusi, injini ya 2AZ, viti vya ngozi, milioni 32. Kijana wa yadi akasema niwaachie IST kwa milioni 11.5, benki watamalizana nayo wenyewe, mimi niweke milioni 6 niliyonayo. "Bosi, kwa mwezi unaongeza laki na sitini tu."

Nikalala na hiyo laki na sitini siku tatu. Jana nikachukua daftari la mtoto.

Nimeshatoa milioni 9.35, nikajua deni limebaki nane na kitu. Benki wakanipa karatasi imeandikwa 12.62. Karibu milioni 4 yote imeliwa na riba, maana miezi ya mwanzo riba ndiyo inashiba kwanza. Ongeza adhabu ya kumaliza mapema, kwangu asilimia 3, tunafika milioni 13. Sasa wananipa 11.5. Yaani gari naliacha na milioni moja na nusu bado nadaiwa, na hiyo inaingizwa kimyakimya kwenye mkopo wa Harrier. Mkopo mpya 27.5 (32 toa 6, ongeza hiyo 1.5), umetandazwa miaka mitano ili rejesho lionekane dogo: 683,000.

Nikibaki na IST, yamebaki marejesho 30, jumla 15.6. Nikichukua Harrier ni marejesho 60, jumla 41. Tofauti 25.4, weka na ile 6 ya mfukoni: milioni 31.4. Hiyo ndiyo laki na sitini ya kijana.

Bima sijagusa. Gari la mkopo benki haikubali bima ndogo, inataka bima kubwa: asilimia 3.5 ya milioni 32 pamoja na VAT ni 1,321,600 kila mwaka. Waliopita njia hii mnipe yenu.

Mkunazi
Wewe angalau riba yako inapungua na deni. Mimi nilikopa milioni 10 kwa miaka mitatu kwenye taasisi moja hapa Mwanza, nikaambiwa asilimia 12, nikaona wenzangu wa benki wanaibiwa. Kumbe hiyo 12 inapigwa kwenye milioni 10 yote kila mwaka, hata mwaka wa tatu deni likiwa limebaki kiduchu. Riba milioni 3.6. Ukiigeuza iwe ya kama yako ni zaidi ya asilimia 21. Nilipotaka kubadili gari mwaka wa pili ndipo nikajua. Nilikaa kwenye benchi lao nikasoma mkataba kwa mara ya kwanza, na sahihi yangu ipo chini kila ukurasa.

Binti wa Chumbageni
Kwangu kilichouma ni kadi ya gari. Ilikuwa na majina mawili, la benki na langu. Nikampata mnunuzi wangu mwenyewe, bei nzuri kuliko yadi kwa milioni moja na laki mbili, nikakopa kwa kaka nikalifuta deni. Nikadhani kesho yake nakabidhi. Barua ya benki, kutoa jina la benki kwenye kadi, nenda rudi, wiki tano. Mnunuzi akanunua kwingine. Nikaishia kuuza yadi ileile, na kaka ananidai. Mzee, uliza mapema kadi inachukua siku ngapi kutoka.

Fundi Spana
Harrier za 2AZ nazifungua kila wiki. Gari si baya, ila IST yako ni cc 1500, ile ni 2400. Kwenye foleni ya Dar IST ikikupa kilomita 14 kwa lita, ile ikikupa 8 na nusu shukuru. Kilomita 1,200 kwa mwezi ni lita 55 za ziada. Hata mafuta yakiwa 2,900, hiyo ni laki na sitini nyingine, pacha wa ile ya kijana. Tairi inchi 17. Na kabla hujalipa, vua mfuniko wa oili uangalie. 2AZ nyingi zinakula oili na muuzaji hakwambii.

Baba Mapacha
Napingana kidogo. Hesabu ya Mzee inasahau kwamba anatoka na gari la 32, si la 11.5. Toa hiyo tofauti, 20.5, gharama ya kweli ni kama milioni 11. Bado inauma, lakini si 31. Mimi nilitoka Vitz kwenda Noah mapacha walipozaliwa na sijuti hata siku moja. Nilichofanya: nilisubiri mpaka deni likawa chini ya bei ya gari. Miezi saba ya kubeba mabegi mapajani.

Mzee wa Goba
Baba Mapacha, uko sahihi, lakini hiyo 32 ni ya siku ninayoitoa yadi. Miaka mitano baadaye nitampata nani wa kunipa hata nusu, na riba nitakuwa nimeshailipa yote?

Fundi, asante, hilo la oili sikulijua.

Mchana huu nimempigia kijana. Nimemwuliza swali moja, jumla ya miezi 60 ni shilingi ngapi. Kimya. Halafu akasema, "Bosi, kwako tutaweka na tinti bure."