Mrejesho: Mama anayesahau na ndugu wasiokubaliana

Wakuu, niliuliza tuanzie wapi kumpima mama anayesahau, wakati kaka anasema ni uzee na shangazi anasema karogwa. Asanteni kwa majibu.

Kilichopunguza ubishi ni daftari. Kila tukio na tarehe yake: Jumanne katia chumvi kwenye chai, Ijumaa kauliza mara tano ndani ya saa moja marehemu baba anarudi lini. Kumwambia daktari "anasahau sana" hakutoshi. Anataka kujua tatizo lilianza lini na linazidi vipi. Akivurugika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hilo jambo jingine, mara nyingi maambukizi kama UTI, na halisubiri tarehe ya kliniki.

Bebeni dawa zote, hata za dukani na mitishamba. Piriton (ya mafua na mzio) na amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva) huweza kuvuruga kumbukumbu za wazee. Vipimo vya damu: homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, figo, VVU na kaswende. CT scan (picha ya ubongo) peke yake haithibitishi demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Inasaidia kuona damu iliyovilia, uvimbe au kiharusi.

Kama mzazi hakusoma, semeni mapema. Maswali ya kuandika na kuhesabu yatamwonea. Kwa wasiosoma kipo kipimo cha kumbukumbu kiitwacho IDEA, kilichoandaliwa Hai, Kilimanjaro: kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno 10, kupanga njiti 4 za kiberiti.

Kosa letu: tuliingia wanne kwa daktari tukabishana mbele ya mama, naye akanyamaza kabisa. Aingie mmoja anayeishi naye. Kaka tulimpigia simu wakati wa majibu, akamuuliza daktari mwenyewe. Shangazi anaendelea na maombi, hatujamzuia.