Vitamini C kwenye maziwa ya kopo inazidi lebo, shida ni kipimo au kiwanda?

mpimaji_mgeni: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Tunapima maziwa ya unga ya watoto wachanga, vitamini C kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali na kuzipima) inatoka juu kuliko lebo na kila nikirudia namba zinapishana, wakati kalsiamu kwa ICP-MS (mashine ya kupima madini) iko poa tu. Nachota gramu moja moja ya unga kutoka kwenye kopo. Mashine ndo mbovu ama kiwanda kinadanganya?

Kemia_Tu: Angalia kwanza kopo limetengenezwa lini. Vitamini C inapungua taratibu likiwa stoo, kwa hiyo wanazidisha makusudi ili hadi siku ya mwisho ya matumizi kile cha lebo kiwe bado kimo. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka isipungue mg 10 kwa kila kcal 100. Kopo jipya kusoma juu ni kawaida kabisa.

mama_maabara: Kuzidi sawa, ila kupishana ni hiyo gramu moja mkuu 😅 vitamini mara nyingi zinachanganywa zikiwa kavu, hazijasambaa sawasawa, leo umebahatisha chembe nyingi kesho chache, kalsiamu nyingi imo ndani ya maziwa yenyewe ndo maana haikusumbui. Koroga gramu 25 za unga kwenye gramu 200 za maji, vuruga mpaka mabonge yaishe halafu ndo uchote hapo. Weka asidi fasta, usiache kwenye mwanga, vitamini C isiharibike, na kila bechi pitisha na sampuli ya rejea, yaani unga ambao viwango vyake vinajulikana tayari, ile SRM 1849a ya NIST ya Marekani au nyingine kama hiyo, maana bila rejea tutabishana hapa mpaka kesho.

mpimaji_mgeni: Aisee asante, kopo ni jipya kweli. Protini nayo tunatumia Kjeldahl, imelingana na lebo vizuri kwa hiyo hiyo nimeiacha.

Kemia_Tu: Hapo sasa ndo mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi kuliko hiyo vitamini C. Kjeldahl inahesabu naitrojeni, wewe unazidisha kwa 6.25 unaita protini. China 2008 walitia kwenye maziwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo kama asilimia 66 ya uzito wake ni naitrojeni, vipimo vikasoma fresh tu, watoto kama 300,000 wakaugua na sita wakafa. Pimeni na melamini yenyewe kwa LC-MS/MS, mashine inayotambua kemikali moja moja.

mpimaji_mgeni: Hiyo mashine hatuna, itabidi sampuli zitumwe nje. Ngoja niongee na bosi.