Nchi inayojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki huwa mwanachama lini hasa, na ikitaka kutoka hufuata njia gani?

Mwalimu wa Uraia, Kigoma ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha uraia katika shule ya sekondari iliyo karibu na Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wangu hukua wakiona vyombo vya mizigo vikielekea Kalemie na Uvira, kwa hiyo habari ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaiona kuwa inawahusu moja kwa moja. Vitabu tulivyo navyo bado vinaitaja Jumuiya yenye nchi tano au sita, ilhali sasa ziko nane, na kila ninapotafuta tarehe za kuwafundisha ninakuta zinapishana: wengine husema Kongo ilijiunga Machi 2022, wengine Aprili, wengine Julai. Kwa Somalia mambo ni yale yale.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Tarehe ipi ni sahihi na kwa nini? Kwa nini, miaka kadhaa baada ya bendera kupandishwa Arusha, wafanyabiashara wa huku bado husema kwamba kuvuka ziwa hakujawa kama kuvuka Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya? Na je, nchi iliyokwisha kuingia inaweza kutoka?

Mwanasheria wa Arusha amejibu:

Mwalimu, tarehe zote ulizozikuta ni za kweli, ila kila moja inaeleza hatua tofauti. Nchi huomba kwanza. Kisha Jumuiya hutuma wataalamu kuikagua, Baraza la Mawaziri hupeleka taarifa kwa Wakuu wa Nchi, na Wakuu hao wakikubaliana hufuata majadiliano ya masharti, kutiwa saini kwa mkataba wa kujiunga, na mwisho nchi inayoingia huuridhia mkataba huo kwa taratibu zake za ndani na kukabidhi hati ya uridhiaji kwa Katibu Mkuu. Hapo ndipo inapokuwa mwanachama kamili.

Kongo ilikubaliwa na Wakuu wa Nchi tarehe 29 Machi 2022, ikatia saini Nairobi tarehe 8 Aprili, na ikakabidhi hati yake tarehe 11 Julai mwaka huo huo. Somalia, iliyokuwa imeomba tangu 2012, ilikubaliwa tarehe 24 Novemba 2023, ikatia saini Desemba, na kuwa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Sudani Kusini ilikubaliwa Machi 2016 na kukamilisha Septemba. Rwanda na Burundi zilitia saini mwezi Juni 2007 na kuingia rasmi tarehe 1 Julai. Ningekuwa darasani ningefundisha tarehe ya hati ya uridhiaji, kwa sababu kabla ya siku hiyo nchi haibanwi na Mkataba wa Jumuiya wala haiwezi kuutumia kudai chochote.

Vigezo vya kukubaliwa vimo katika Ibara ya 3 ya Mkataba: utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria, uchumi wa soko, mchango ambao nchi inaweza kuutoa, pamoja na ujirani wa kijiografia na kutegemeana na nchi zilizomo. Kigezo hiki cha mwisho kimewahi kuifungia nchi mlango. Sudani Kusini ilipojitenga Julai 2011, Sudani ilibaki bila mpaka na mwanachama yeyote wa wakati huo, na ombi lake likakataliwa mwaka huo huo. Vigezo vya utawala, kwa maoni yangu, vimepimwa kwa upole mno kuliko cha ramani, na jambo hilo linanisikitisha, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya raia wa nchi inayoingia kabla ya kuandikwa kwa ajili ya serikali zao.

Wakala wa Forodha, Tunduma amejibu:

Mwalimu, nijibu swali lako la pili kwa jinsi kazi inavyokwenda mpakani.

Kuingia katika Jumuiya si kuingia siku hiyo hiyo katika Umoja wa Forodha, yaani utaratibu wa ushuru wa pamoja wa nchi wanachama. Rwanda na Burundi zilijiunga Julai 2007, lakini zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha Julai 2009, yaani miaka miwili baadaye, nazo zilikuwa nchi ndogo zenye mipaka michache. Nchi inayoingia inapaswa kubadili sheria zake za forodha, kufuata viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya (asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha 35), kuunganisha mifumo yake ya kompyuta na ya wenzake, na kuwafundisha maofisa wake kuheshimu cheti cha uasili wa bidhaa, yaani kinachoonesha bidhaa imezalishwa nchi gani. Kongo ina mipaka mirefu mno na mamlaka nyingi zinazotoza katika kituo kimoja. Mtu asitarajie kazi hiyo ikamilike kwa saini ya Nairobi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku tunaliona kila siku na ambalo husahaulika katika hotuba. Tanzania na Kongo hazina mpaka wa nchi kavu. Zinapakana ndani ya ziwa tu. Mzigo wa Lubumbashi unaotoka bandari ya Dar es Salaam kwa barabara hupita hapa Tunduma, unavuka kwenda Nakonde, unaikata Zambia hadi Kasumbalesa, na Zambia si mwanachama wa Jumuiya yetu. Kwa hiyo mzigo unatoka nchi mwanachama kwenda nchi mwanachama, lakini katikati unasafiri kama mzigo wa transiti, yaani unaopita tu, kwa sheria na dhamana za nchi iliyo nje. Zambia iko SADC (jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika) pamoja nasi na iko COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) pamoja na Kongo, ilhali Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukitaka kujua kwa nini dereva hukaa foleni hata baada ya Kongo kuingia Jumuiya, waoneshe wanafunzi ramani ya jumuiya hizi tatu zikiwa zimelaliana.

Ndiyo maana ninasema kwa dhati kwamba bandari yenu ya Kigoma ingepaswa kupewa uzito kuliko ilivyo sasa. Ndiyo njia fupi ya kutoka kwa mwanachama hadi kwa mwanachama bila kupita kwa mtu wa tatu. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, angestahili kutumia cheti rahisi cha uasili kama wanavyofanya wa mipaka mingine, mradi upande wa pili ukipokee.

Mwalimu wa Uraia, Kigoma ameandika:

Nawashukuru sana. Sikuwa nimeutazama mzigo wa Lubumbashi kwa namna hiyo. Swali la kutoka bado linanikaa moyoni, hasa kwa kuwa Kongo na Rwanda ziko katika ugomvi mzito zikiwa ndani ya nyumba moja.

Mstaafu wa Reli, Tabora amejibu:

Mwanangu Mwalimu, mimi niliajiriwa katika reli ya Jumuiya ya kwanza, ile iliyoundwa kwa mkataba wa 1967 na kufa 1977, na ninaomba vijana wasiambiwe kwamba ilikufa kwa siku moja. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya marais watatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuamua, ikaacha kukutana. Jumuiya iliendelea miaka sita ikiwa na ofisi, mabehewa na ndege, lakini haina kikao cha juu. Nairobi ilizuia fedha, Dar es Salaam ilizuia mabehewa, kila mmoja akashika kilichokuwa kwake. Mapema 1977 shirika la ndege lilisimama, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mali na madeni viligawanywa rasmi kwa mapatano ya Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht wa Uswisi. Sisi wafanyakazi na pensheni zetu tulikuwa katikati ya hayo yote.

Hakuna nchi iliyoandika barua ya kujitoa. Nawaomba mnaosoma mambo haya mtazame zaidi vikao visivyofanyika kuliko maneno makali yanayosemwa.

Mkazi wa Bukavu amejibu:

Shikamoo Mzee. Maneno yako yanatugusa huku. Jeshi la Jumuiya lililoingia mashariki mwa Kongo mwaka 2022 liliondoka Desemba 2023 kwa kuwa Kinshasa haikuridhika nalo, likafuatiwa na la SADC. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, wakuu wa jumuiya hizo mbili walilazimika kukutana pamoja Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Wengi huku walitarajia uanachama ulete amani, na uchungu wao ni wa haki kabisa.

Hata hivyo uanachama umetupa kitu kimoja ambacho hatukuwa nacho: Kongo imeishitaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, na shauri likaanza kusikilizwa Arusha Septemba 2024. Nchi isiyo mwanachama isingeweza kufungua shauri hilo. Kwa sababu hiyo mimi ninapinga wanaosema tutoke.

Mwanasheria wa Arusha amejibu:

Nimalizie swali la tatu. Ibara ya 145 ya Mkataba inaruhusu kutoka kwa masharti mawili: bunge la nchi husika lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wenye haki ya kupiga kura, na nchi itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Katika miezi hiyo nchi inaendelea kubeba wajibu wake wote, na inaweza kuifuta taarifa kabla muda haujaisha. Rais peke yake, kwa tangazo la redioni, hawezi. Ibara mbili zinazofuata zinahusu kusimamishwa na kufukuzwa, na kutotimiza wajibu wa kifedha ni miongoni mwa sababu za kusimamishwa. Mkataba ulizitaka nchi zichangie bajeti kwa usawa, ziwe tajiri au maskini, na malimbikizo ya michango yamekuwa yakilalamikiwa kwa miaka mingi bila yeyote kuchukuliwa hatua hiyo. Isitoshe, maamuzi ya Wakuu wa Nchi hupitishwa kwa maafikiano. Kanuni iliyowatosha marais watatu waliotia saini Mkataba huo Arusha mwaka 1999 leo inahitaji wanane wakubaliane, wakiwemo wawili ambao nchi ya mmoja imeishitaki ya mwenzake.

Kwa mfano wa karibu wa kutoka, wasomeshe habari za Afrika Magharibi. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kwamba zimejitoa mara moja katika ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za huko. Jumuiya hiyo ilishikilia mwaka mmoja uliomo katika mkataba wake, na zikahesabiwa kuwa zimetoka tarehe 29 Januari 2025. Siku hiyo hiyo ECOWAS iliwaagiza wanachama wake waendelee, hadi tangazo jingine, kuzipokea pasipoti za raia wa nchi hizo tatu zenye nembo yake na kuzitendea bidhaa zao kama hapo awali.