Pavia au Harris? Niko Mtwara, naomba ushauri

Ganda_la_Korosho: Wakuu, habari za jioni. Nina laki mbili, kuna ndugu anakuja huku kutoka Dar Ijumaa. Aninunulie kitabu kipi cha kemia, cha Pavia au cha Harris? Nijibuni haraka.

Mwl_Lindi: Haraka ya nini, na hujasema unasoma au unafundisha? Una mashine gani? Harris ni upimaji: titresheni (kudondoshea kemikali mpaka ujue asidi ni kiasi gani), makosa ya vipimo, kromatografia (kutenganisha mchanganyiko). Pavia ni kusoma spektra, zile grafu zinazotoka kwenye mashine, mpaka ujue molekuli imekaaje. Unauliza ununue jembe au wavu, kijana.

Binti_Mikindani: Asinunue chochote. Cha David Harvey, Analytical Chemistry 2.1, kipo bure mtandaoni, tena kihalali. Hela anunulie bando.

Mzee_wa_Newala: Kusoma kwenye simu siwezi. Ila kuweni macho na wauzaji. 2024 niliagiza kitabu cha spektroskopia, jamaa akaapa ni orijino. Nikatuma pesa yote. Mvua za kimbunga Hidaya zikaja, barabara ikakatika Somanga, mzigo ukalala njiani. Hapo sikumlaumu mtu. Siku umefika stendi nafungua: fotokopi! Na afadhali ingekuwa nzima. Aliyepunguza kingo kakata na namba za chini ya grafu. Spektra ya infraredi bila namba ni mchoro wa mabonde tu, hujui hili ni 1700 au 2900. Nampigia, ananiambia, "Mzee, si maneno yote yapo?" Mpaka leo kinazuia mlango wa stoo.

Binti_Mikindani: 😂😂 Pole babu.

Ganda_la_Korosho: Shikamoo Mwalimu, samahani. Niko mwaka wa tatu. Mradi wangu ni mafuta ya maganda ya korosho, nataka kuyafanya polima, yaani molekuli ndefu kama za plastiki. Huku nina bureti tu, bomba la kufanyia titresheni, sampuli za infraredi zitakwenda Dar.

Mwl_Lindi: Marahaba. Ndivyo ulivyotakiwa kuanza! Asidi ya anakadi iliyomo kwenye mafuta hayo ukiipasha moto inatoa kaboni dioksidi, inabaki kadanoli. Hiyo ndiyo inayoungana na fomaldehaidi kuwa polima, hata bitana za breki hutengenezwa nayo. Titresheni itakuonyesha asidi inavyopungua. Chukua Harris.

Molekuli_Moja: Napinga. Bureti haijui asidi ipi ni ipi. Atazame kwenye spektra ya infraredi kilele cha kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni), kwenye 1710 hivi, kikitoweka ujue asidi imekwisha. Pavia.

Mwl_Lindi: 1710 ni ya asidi za kawaida. Hii ina OH jirani kabisa, zinashikana kwa haidrojeni, kilele kinashuka karibu na 1650. Akifuata jedwali kichwa kichwa ataandika asidi haipo wakati imejaa tele.

Molekuli_Moja: Sawa, nimekubali. Lakini mwalimu, si umemtetea Pavia hapo? Hilo Harris hatamfundisha.

Mwl_Lindi: Nitamfundisha mimi.

Binti_Mikindani: Dogo, glavu unazo? Mafuta yale yanababua ngozi. Bibi yangu alikuwa habangui bila kupaka majivu mikononi.

Mzee_wa_Newala: Majivu yanakausha vidole. Sisi tunapaka mafuta ya nyonyo.

Binti_Mikindani: Halafu korosho zinanuka nyonyo, nani atanunua?

Ganda_la_Korosho: Glavu zipo. Sasa nimwambie alete kipi? Na cha polima je, kuna anayekijua?

Mzee_wa_Newala: Huyo ndugu anapanda basi gani? Nina godoro langu limekwama Mbagala.