Vijiko vidogo kwenye barafu: samaki wanakuja, wanatazama, wanaondoka. Nakosea wapi?

Shombo_Mkononi

Wakuu habari za baridi. Huu ni msimu wangu wa pili kuvua juu ya barafu na bado najiona mgeni kabisa. Msimu uliopita nilitumia vijigi vidogo vya tangsteni (ndoana zenye kichwa kizito cha chuma hicho) na mabuu, nikapata blugili wa kutosha kikaango nikaridhika. Mwaka huu kila mtu anasifia vijiko, vile vichambo vya chuma vinavyong'aa, nami nikanunua sita, vinne vya gramu 3.5 na viwili vya gramu 7, vya dhahabu na vya fedha.

Sasa shida ni hii. Nimetoboa mashimo kama kumi, maji yana kina cha mita 6, nina sona ya flasha, kile kifaa kinachoonyesha samaki na kijiko kama mistari, kwa hiyo kinachoendelea chini nakiona. Nikianza kuchezesha kijiko samaki wanakuja tena kwa kasi, ule mstari unapanda kutoka chini mpaka unakaribia kijiko alafu unasimama. Unakaa pale pale kama jirani anayechungulia dirishani. Nami nazidi kuchezesha kwa nguvu ili nimtie hamu, yeye anashuka taratibu anapotea. Siku nzima nimetoka na krapi wawili na pechi mmoja saizi ya kidole, na mtu niliyekaa naye jirani alikuwa anavuta tu mmoja baada ya mwingine na kijiko hichohicho cha dhahabu!!

Mshipi wangu ni wa ratili 6 (uzito unaohimili kabla ya kukatika), ule ule wa kiangazi sikubadilisha. Kijiko kina ndoana yake ya matatu kama kilivyotoka dukani na nimekivisha mabuu manne. Nakosea wapi?

Babu_Shimo

Karibu kijana. Kwanza ondoa wasiwasi, samaki akifika mpaka pale kijiko kimeshafanya nusu ya kazi yake. Kijiko kina kazi mbili na watu wanazichanganya, ya kwanza ni kuita na ya pili ni kulisha. Kuita unaita kwa fujo, kulisha unalisha kwa utulivu. Wewe mgeni ameshafika mlangoni na bado unapiga hodi zako kwa nguvu, lazima atashtuka arudi alikotoka.

Fanya hivi. Sona ikiwa tupu, inua kijiko kwa mkato kama sentimita 30, alafu shusha ncha ya fimbo haraka kijiko kianguke chenyewe bila kushikiliwa na mshipi, hapo ndipo kinapotikisika na kumeta kama kisamaki kinachokufa. Rudia mara tatu nne, tulia sekunde kadhaa, rudia. Ukiona mstari umeanza kuja ACHA kuinua. Kuanzia hapo ni kutetemesha tu, yaani mkono unatetemeka kama wa mtu mwenye homa, kijiko hakiondoki mahali pake, zile ndoana chini na buu lake ndiyo zinacheza. Akisimama kutazama usiongeze fujo, punguza. Punguza mpaka unasimama kabisa. Mara nyingi anauma pale umenyamaza, na kama bado anasitasita inua polepole sana sentimita mbili mbili kama vile chakula kinamkimbia. Samaki anayepanda kukifuata yuko tayari kula, anayebaki chini mwache aende usimkimbize.

Na jambo lingine, USISHUKE chini yake. Krapi hasa, macho yake yamekaa kutazama juu na anakula kwa kupanda. Ukipitisha kijiko chini ya kichwa chake ujue umempoteza. Kaa nusu mita juu yake umlazimishe apande.

Pia mshipi wa ratili 6 ni kamba ya kufungia mbuzi hiyo. Kwenye baridi unakuwa mgumu unajikunja kama waya, kijiko kidogo hakina uzito wa kuunyoosha kwa hiyo hakianguki vizuri na wala huhisi chochote. Weka ratili 3 au 4.

mzee_wa_kukosa

"kamba ya kufungia mbuzi" 😂😂😂 nimecheka mpaka chai imemwagika kwenye shimo

Dada_Barafu

Namuunga mkono Babu kwa mengi ila kuna kitu amekiruka. Unavua samaki gani? Maana watu wanasema "samaki wa kikaangoni" kama vile ni kabila moja, kumbe krapi, blugili na pechi kila mmoja ana tabia zake na kijiko kinachomfaa huyu kinamfukuza yule.

Blugili ana mdomo kama tundu la kifungo. Haumi, anafyonza. Anavuta maji na chakula kinaingia nayo, kikiwa kizito anakitema kabla hujajua kama alikuwepo. Sasa wewe unampelekea gramu 7! Kwa blugili mimi sipandi zaidi ya gramu 1.8 na siku ngumu nashuka mpaka 0.9. Na kusema ukweli siku nyingi kwa blugili naweka kijiko pembeni narudi kwa jigi ya tangsteni, maana tangsteni ni nzito kuliko risasi kwa hiyo kitu kidogo kabisa kinazama haraka. Najua wapenda vijiko watanirushia mawe.

Krapi ndiyo samaki wa kijiko hasa. Huyu anakula visamaki na kijiko kinafanana na kisamaki. Katikati ya msimu haoneki chini kabisa, anaelea katikati ya maji sehemu zenye kina, na jioni jua likizama ndiyo anachangamka. Hapo gramu 1.8 mpaka 3.5 iko sawa. Ila mdomo wake ni kama karatasi, ukikupua fimbo kwa nguvu unachana na unabaki na stori.

Pechi wa njano (msimchanganye na sangara, huyu ni mdogo na wala hawana undugu wa karibu) anakaa chini karibu na tope na anapenda fujo. Yeye ndiye pekee ambaye ile gramu 7 yako inaweza kumfaa kama maji ni marefu. Gonga chini na kijiko mara mbili tatu litimke vumbi la tope, alafu kiinue sentimita kumi ukitulize. Mle topeni kuna viluwiluwi vyekundu vya wadudu ndivyo anavyovitafuta, akiona vumbi anajua mwenzake anakula. Kijiko chenye njuga ndani pia anakipenda sana, blugili akisikia njuga mara nyingi anarudi nyuma.

Na mabuu manne ni mengi dada/kaka, umekivisha kijiko koti la baridi, kitatikisika saa ngapi? Moja. Yakizidi sana mawili na ni madogo.

Shombo_Mkononi

Daaah asanteni sana, ni kaka hapa 😄. Kumbe siku ile nilikuwa nazidisha pale pale palipotakiwa kupunguza. Nina maswali mawili. Moja, mshipi wangu unajisokota sana, nikisimamisha kijiko kinazunguka kama pia na nadhani samaki wanaona, tena ndiyo wakati mnaoniambia nitulie. Mbili, ndoana ya matatu niitoe niweke moja? Maana pale wale wawili walinichukua dakika tano kuwatoa ndoana na vidole vimekufa ganzi.

Fundi_Mishipi

Hapa ndipo pangu. Kujisokota ni ugonjwa wa vijiko vyote, kila kikianguka kinajizungusha na mshipi unashika ule msokoto. Dawa ni kipete kidogo kinachozunguka, swiveli, ile ndogo kuliko zote unayoweza kupata, unaifunga sentimita 40 hivi juu ya kijiko. Usiiweke pale pale kwenye kijiko, inaua mchezo wake. Chini ya swiveli weka kipande cha mshipi wa florokaboni wa ratili 3 au 4, na kwenye kijiko chenyewe iwepo ile pete yake au kipini kidogo cha duara ili kiwe huru kuchezacheza. Ukifunga fundo moja kwa moja kwenye chuma kinakuwa kigumu kama kimepigwa msumari.

Alafu rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Kama unatumia ile rili ya kawaida ya kuzungushia pembeni, yenyewe inaongeza msokoto kila ukikunja mshipi. Kuna zile zinazokunja mshipi moja kwa moja kama gurudumu, hizo kwenye barafu ni raha tupu.

Ndoana, kwa blugili na krapi mimi natoa ya matatu naweka moja namba 10. Inashika vizuri na kutoa ni sekunde. Ila jua kwamba ile ya matatu ina uzito, ukiitoa kijiko kinabadilika mwendo, vingine vinakuwa bora zaidi na vingine vinaharibika vinazunguka tu. Kijaribu kwanza pale juu kwenye shimo kabla hujakishusha, unakiona kwa macho kabisa. Mimi kila kijiko kipya nakiangalia hapo, na utashangaa viwili vilivyotoka kwenye boksi moja havichezi sawa.

Na njia ya tatu ambayo Dada Barafu hajaitaja, labda kwa makusudi 😏, ni mnyororo. Unatoa ndoana, unafunga kipande cha mnyororo mwembamba sentimita 3 mpaka 5, mwisho wake kijindoana kidogo na buu moja. Kijiko kinaita kwa mng'ao, blugili akija anakuta chakula kidogo kinaning'inia peke yake, anafyonza bila kubeba chuma. Jigi ya tangsteni haiiti mtu kutoka mbali dada yangu.

Dada_Barafu

Mnyororo naujua tangu hujajua kufunga fundo 😂 sikuutaja kwa sababu kwenye majani unanasa kila dakika. Kwenye maji marefu yaliyo wazi sawa, nakupa.

Ncha_ya_Fimbo

Naongeza dogo kuhusu umbo maana watu wanaangalia rangi tu. Kijiko kipana na chembamba kinaanguka polepole kikiyumba huku na huku, kizuri maji mafupi ya mita 2 mpaka 4 na samaki wavivu. Kilichonona na chembamba kwa upana kinashuka moja kwa moja haraka, hicho ndicho cha maji marefu au pale kundi la krapi linapita na hutaki kupoteza muda. Mimi nabeba yote mawili, la sivyo utakuwa unalaumu rangi.

Rangi yenyewe nina sheria rahisi, maji safi na jua fedha, maji ya rangi ya chai dhahabu au shaba, giza likiingia kile kinachowaka gizani, unakimulika kwanza na tochi. Ukikimulika sana kinawaka kama taa ya gari krapi wanakimbia, mulika kidogo tu.

Na angalia ncha ya fimbo kaka. Krapi akiuma mara nyingi anapanda, kwa hiyo hutahisi kuvutwa, utaona mshipi UMELEGEA na ile springi ya nchani (kijiwaya laini cha kuonyesha samaki akiuma) imenyooka juu. Ukingoja uvutwe utangoja mpaka barafu iyeyuke. Naamini katika wale waliokuchungulia kuna ambao walishauma wakatema na wewe unafikiri wametazama tu.

mzee_wa_kukosa

hilo la mwisho limeniuma, nadhani miaka mitatu yote ndiyo jibu lake

Shombo_Mkononi

Wakuu narudi na mrejesho. Jumamosi nimeenda na mshipi wa ratili 3, swiveli, kijiko cha gramu 1.8 cha dhahabu, ndoana moja, buu moja. Sehemu ni ileile. Mpaka saa tisa mchana sikupata kitu nikaanza kuwatukana kimoyomoyo (samahani Babu). Alafu jua linaanza kushuka mstari ukatokea mita 4, yaani mita mbili kutoka chini, nikainua kijiko juu yake nikatetemesha, akasimama. Mkono wangu wenyewe ukataka kuchezesha kwa nguvu nikauzuia. Nikatulia kabisa. Hamna kitu. Nikainua polepole kama Babu alivyosema, mstari ukafuata, ukafuata, springi ikanyooka juu! Nikanyanyua taratibu, krapi mzuri, mweusi madoadoa. Kabla ya giza nimepata tisa, watatu nikawarudisha. Wawili walichana mdomo wakaondoka, hao ni makosa yangu.

Swali la mwisho, wale tisa wote wametoka katika shimo moja ndani ya dakika arobaini alafu kimya. Kundi limeondoka au nimewashtua?

Babu_Shimo

Tusi limesamehewa. Limesogea, krapi hawana makao. Usikae hapo kuomboleza, toboa mashimo mengine mapema mchana kabla hawajaanza, kila hatua kumi au kumi na tano, ili jioni uwe unahama na fimbo na sona tu bila kelele ya mashine. Na ukihama kuelekea sehemu usiyoijua gonga barafu mbele yako kwa chuma kila hatua. Sentimita 10 ya barafu safi ya bluu ndiyo mwanzo wa kutembea, ile nyeupe yenye theluji ndani ina nguvu kama nusu yake kwa hiyo zidisha mara mbili. Misumari ya kujiokolea (ya kujivutia nje ukidumbukia) ining'inie shingoni, isikae kwenye begi.

Na wale unaowarudisha, ukivua maji ya mita 9 kwenda chini usihesabu kuwarudisha, kibofu chao cha hewa kinavimba wakipanda na wengi hawaponi hata wakizama. Huko ukishapata wa kukutosha kunja mshipi au hamia maji mafupi.

Shombo_Mkononi

Sawa Babu. Zile gramu 7 mbili nampa nani?

mzee_wa_kukosa

nipe mimi, nina pechi mmoja ananidai