Mliowahi kumiliki au kuendesha Chevrolet Corvair, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nipo Michigan mwaka wa kumi na mbili sasa, na nyumbani kwangu kuna gari moja ninalolitunza kama mtoto: Corvair Monza ya 1964, milango miwili, nyeupe. Juzi nimepita Willow Run, zilikotengenezwa nyingi, nikasema ngoja nifungue uzi. Humu kuna wazee waliosoma Marekani zamani na kuna mafundi. Leteni ya kwenu.

Kwa wasioijua: mwishoni mwa miaka ya 50 Wamarekani walianza kuipenda Volkswagen Beetle, ile ile wazee wetu wa Nairobi na Dar waliyoizoea. Detroit wakajibu kwa mkupuo. Ford wakaleta Falcon, Chrysler wakaleta Valiant, na Chevrolet chini ya bosi wao Ed Cole wakaleta Corvair, Oktoba 1959. Zile mbili zilikuwa magari ya kawaida yaliyopunguzwa ukubwa. Corvair ilikuwa kitu kingine kabisa: injini nyuma, ya aluminiamu, silinda sita zimelala tatu huku na tatu huku, inapozwa kwa hewa. Haina rejeta. Buti iko mbele.

Naanza na langu. Wiki ya kwanza nilipeleka gari kituo kimoja cha mafuta, kijana akajaza upepo 30 tairi zote nne. Jioni mvua inanyesha, naingia kona ya kutoka barabara kuu, mkia ukataka kunipita. Nilisimama pembeni mikono inatetemeka. Kufika nyumbani nikafungua kitabu cha gari: mbele 15, nyuma 26. Ndiyo, kumi na tano! Uzito mwingi uko nyuma, kwa hiyo tairi za mbele zinaachwa laini makusudi, ili mbele ianze kuteleza kabla ya nyuma. Tangu siku hiyo kipimo cha upepo hakitoki ndani ya gari, na tairi zangu haziguswi na mtu mwingine.

Mzee wa Ohio:
Wanangu, mmenirudisha mbali. Mimi nilikuwa mwanafunzi Ohio mwaka 1973. Nilinunua ya 1961 kwa hela ya kibarua cha kiangazi tu, maana watu walikuwa wanaziogopa. Wakati wa theluji wenzangu wanasukuma magari yao, mimi napanda kilima cha bweni taratibu, kwa sababu injini imekalia magurudumu yanayosukuma. Hita ilikuwa inachukua joto kwenye injini yenyewe, kwa hiyo oili ikivuja kidogo, harufu yote mnakula ninyi ndani. Nilikuwa naendesha na kioo wazi nusu, kofia masikioni. Halafu majira yale yale mafuta yakaadimika, foleni mpaka mtaa wa pili, kila mtu anatafuta gari dogo. Na hilo lilishaachwa kutengenezwa tangu Mei 1969. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Fundi Spana:
Shikamoo mzee. Hiyo harufu dawa yake ni kubadilisha oringi, yaani vile vipete vya mpira vya kuzuia oili, kwenye mabomba ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu). Za zamani joto lilikuwa linazikausha mpaka zinavunjika kama biskuti. Za sasa zinavumilia.

Mimi nizungumzie mkanda wa feni. Feni ya Corvair imelala juu ya injini kama sahani, lakini puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini, imesimama wima. Kwa hiyo mkanda unapanda, unajikunja kwenye puli mbili, unalala kuizungusha feni, unashuka tena. Siku moja niko njiani na gari la mteja, nimefunga mkanda wa bei rahisi. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nilizima injini pale pale. Ukisema "ngoja nifike pale mbele", unaunguza injini. Niliukuta mkanda umejiviringisha chini, umechanika ubavu. Ndani ya buti kulikuwa na wa akiba na spana, dakika ishirini nikaondoka. Usiukaze sana, usiulegeze sana, na puli zisuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kufunga mpya.

Binti wa Mvita:
Samahanini, nakubali ni gari zuri, ila tusiwasahau waliopata ajali. Zile za 1960 hadi 1963 ekseli zake za nyuma zilikuwa zinaweza kukunja gurudumu kwa ndani kwenye kona kali, na mbele hazikuwekewa kama kawaida ile stebilaiza, chuma cha kupunguza gari kulala upande kwenye kona, ambayo ingesaidia. Waliiacha kubana gharama. Mwanasheria Ralph Nader alipoandika kitabu cha kuikosoa mwaka 1965 alifuatwa na wapelelezi wa General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, na Machi 1966 rais wa kampuni hiyo, James Roche, akaomba radhi mbele ya Seneti. Mwaka huo huo ikapita sheria ya usalama wa magari.

Mwenye uzi:
Dada yangu, umesema kweli na sipingi hata neno moja. Stebilaiza ilikuja kwa kila gari mwaka 1964, pamoja na springi ya ziada nyuma, na ya 1965 ikaundwa upya kabisa chini. Kinachoniumiza ni hicho: kitabu cha Nader kilitoka wakati gari limeshatengenezwa vizuri. Lakini siamini kitabu peke yake kiliiua. Ford Mustang ilikuwa imeingia Aprili 1964, na vijana waliokuwa wanaitaka Monza kwa viti vyake vya kimichezo wakahamia huko. General Motors wenyewe wakajibu kwa gari jingine la kimichezo, Camaro. Hesabu za Corvair zilizotengenezwa zinaonesha: kama 235,000 mwaka 1965, kama 103,000 mwaka 1966, na mwaka wa mwisho 6,000 tu. Mwaka 1972 serikali ikatoa matokeo ya kuipima ya 1963 pamoja na Falcon, Valiant, Beetle na Renault: haikuwa na hatari ya kupinduka kuzidi wenzake. Ilikuwa imeshakufa miaka mitatu.

Mzee wa Ohio:
Mwanangu, ukiiwasha asubuhi bado inatoa ule mlio wa cherehani?

Mwenye uzi:
Bado, mzee. Karibu Michigan, funguo nakupa wewe.